Maandishi Madogo Nyuma ya Pakiti

Mimi ndiye ninayesoma.
Duka la pembejeo, Kombewa, kaunta ya mbao,
mifuko ya mbolea nyuma yangu imefika darini,
na kila Machi, kabla radi haijakohoa upande wa ziwa,
wananiletea pakiti: imeandikwaje hapa, binti?

Mbele pana hindi linalocheka kwa meno yote.
Nyuma pana herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Nasoma: mbegu hii ina mwenyewe.
Nasoma: ni marufuku kuhifadhi, kugawa, kuuza,
kupanda mara ya pili.

"Nikila?" akauliza Wilkista Aloo.
Ukila, ruhusa.
"Nikichoma nikampa mgeni?"
Ruhusa, mama.
"Na nikisahau hindi moja juu ya meko,
mvua ikanikuta nalo mkononi?"
Hapo nikainama kutafuta chenji.

"Na kunguru akidonoa kwa jirani, akanya kwangu,
samansi watampelekea nani?"
Foleni nzima ikaangua kicheko.
Mimi sikucheka. Mimi hulipwa kwa kila pakiti.

Wilkista ni mama mkwe wangu.
Nilipaswa kulisema hilo mapema.
Jikoni kwake, moshini, yananing'inia mahindi ya manjano,
nyamula, maganda meusi kwa masizi.
Mtama umo kibuyuni, umechanganywa na jivu,
mdomo umezibwa kwa samadi mbichi ikakauka.
Mtama huo alipewa na Peres wa Seme,
Peres aliletewa na dada yake aliyeolewa Alego,
dada alipewa na mama yao, na mama yao
alipoulizwa alisema tu: tuliukuta.
Wilkista huyataja majina hayo akipepeta,
mmoja mmoja, bila haraka,
kama anayeita watu waje kula.

Siku moja ya soko walikuja vijana wawili, viatu safi.
Alikuwa na gorogoro tatu za mtama juu ya gunia.
Wakamwomba cheti. Akatoa kitambulisho.
"Cha mbegu, mama, si chako."
"Mbegu hainijui kwa cheti."
Wakaumimina mtama kwenye mfuko wa ushahidi,
wakaufunga, wakauandika namba.
Punje zilizomwagika hawakuziokota.
Kuku wa Dorsila muuza dagaa walizimaliza papo hapo,
wala hakuna aliyewakamata.
Jioni alirudi na gorogoro tupu, moja ndani ya nyingine,
zikigongana hatua kwa hatua.
Hakuniuliza kama nilijua.
Alinipakulia mimi kwanza.

Ng'ambo ya njia kampuni ina shamba la maonyesho,
kibao cha bati, seng'enge, mlinzi mwenye redio.
Mwezi wa Mei mahindi yao yalitoa mbelewele,
na chavua ikavuka bila kupiga hodi.
Agosti, Wilkista alimenya hindi lake
akakuta punje tisa zimepauka katikati ya manjano.
Akazipapasa kwa kidole gumba.
"Hawa je? Wangu au wao?"

Jibu la karatasi nalijua. Nimelisoma mara ngapi!
Lakini kwetu mke mkubwa hutangulia kupanda,
nasi wake wa wana tunangoja,
na mkobani nilikuwa na pakiti niliyopewa dukani, bure, ya mfanyakazi bora,
nikitafuta namna ya kuitoa.

Akazipukuchua zile tisa peke yake.
Akaweka kikaango motoni, chumvi kidogo.
Zikarukaruka, moja ikaangukia majivuni, akaiokota.
Akaniwekea zote kiganjani, za moto:
"Kula. Kula si ulisema ni ruhusa?"

Nikala.
Alinitazama mpaka nikameza ya tisa,
kisha akapanda kigoda
akalirudisha hindi moshini, na pengo lake.
Pakiti haikutoka mkobani.
Kesho saa mbili nafungua duka.